Aliyebofya ni nani? Safari ya kivinjari kutoka chombo hadi wakala

MUHULA uliopita nilifanya kosa ambalo, kwa mtu wa umri wangu, linaaibisha kulisimulia. Nitalisimulia hata hivyo, kwa sababu limenifundisha jambo kuhusu lugha ambalo sikulipata darasani kwa miaka yote niliyofundisha.

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi riziki yake ni kuunda programu, alikuja ofisini kunijulia hali. Akanikuta nimeinamia tarakilishi, naingiza alama za wanafunzi 143 kwenye mfumo wa chuo, mmoja baada ya mwingine. “Prof, kwani bado unafanya hii kazi kwa mkono?” akaniuliza. Haikupita nusu saa, alikuwa ameunganisha programu saidizi ya akilimnemba na kivinjari changu. Nikaiandikia kwa Kiswahili cha kawaida kwamba ichukue alama katika jedwali langu na iziingize kwenye mfumo. Kishale kikaanza kutembea chenyewe. Kurasa zikafunguka, visanduku vikajazwa, vitufe vikabofywa, nami nimekunja mikono kifuani kama mzee barazani. Nilifurahi, sikatai.

Wiki mbili baadaye binti mmoja alibisha mlango, macho mekundu. Katika darasa lile walikuwamo wanafunzi wawili waliofanana majina yote matatu, wakitofautiana kwa nambari za usajili tu. Programu ilipotafuta jina, ilibofya la kwanza lililojitokeza, mara zote mbili. Alama za mmoja zikafunika za mwenzake, na wa pili akabaki na pengo. Jina lake halikuwamo katika orodha ya wanaofuzu, na kwao walikuwa wamekwisha kukodi matatu ya kuja kwenye sherehe.

Afisa wa mitihani akaniuliza kwa upole, “Prof, aliyeingiza alama hizi ni nani?” Nikafungua kinywa, nikakosa nafsi ya kitenzi. Niseme “niliingiza”? Sikuingiza. Niseme “iliingiza”? Mfumo wenyewe ulikuwa umeandika jina langu, tarehe na saa. Basi nikasema “ziliingizwa”, nikajificha nyuma ya kauli ya kutendwa kama mwanafunzi aliyevunja dirisha na kudai kwamba “limevunjika.”

Kosa lilirekebishwa na binti akafuzu. Swali la afisa, hata hivyo, limekataa kuniondoka. Nimejaribu kulitafutia jibu kwa kurudi nyuma katika historia ya chombo hiki tunachokiita kivinjari, na leo ningependa tusafiri pamoja.

Tuanze na jina. Kitenzi “vinjari” asili yake ni baharini. Watu wa pwani walikitumia kwa chombo kinachozungukazunguka majini, na vilevile kwa mlinzi anayezunguka huku na huku akichunguza. Waingereza walichota neno lao la kuzuru kurasa kutoka kwa mnyama anayetafunatafuna majani ya vichaka. Wao walichagua mbuzi, sisi tukachagua jahazi. Nadhani uteuzi wetu ulikuwa bora.

Hata hivyo, nomino “kivinjari” ina utata ambao sikuwahi kuushughulikia. Aghalabu nomino za vifaa zinazotokana na vitenzi huishia kwa -o, kama vile kifagio, kifuniko na kizibo. Zile za watendaji huishia kwa -i, kama mpishi na kinyozi. Kwa kuwa “vinjari” chenyewe huishia kwa -i, nomino yake haituambii kama ni kitu cha mtu kuvinjaria au ni kitu kinachovinjari chenyewe. Kwa takriban miaka thelathini hatukuhitaji kujua. Sasa tunahitaji.

Kivinjari cha kwanza kiliundwa na Tim Berners-Lee mwaka 1990 katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva, Uswisi. Mwaka 1993 Marc Andreessen na Eric Bina wa Chuo Kikuu cha Illinois walitoa Mosaic, iliyoonyesha picha na maneno katika ukurasa mmoja na kuwavutia watu wasio wataalamu. Vyombo hivi vilimdhania binadamu mwenye jicho la kusoma na kidole cha kubofya. Lakini hati rasmi za wavuti zilikuwa na jina jingine. Hati ya itifaki ya HTTP/1.0, iliyotolewa mwaka 1996, iliita programu inayoomba kurasa “wakala wa mtumiaji”, na katika kundi hilo ikaviweka vivinjari pamoja na roboti zinazotambaa mtandaoni. Kumbe uwakala haukuletwa na akilimnemba. Ulikuwamo tangu utotoni.

Roboti zenyewe zilikuwa tayari zimeanza kazi. Mnamo Juni 1993, Matthew Gray wa chuo cha MIT aliachilia programu iliyozurura kurasa kwa kurasa ili kupima ukubwa wa wavuti. Nyingine zikafuata, na baadhi zikawa zinazilemea seva za watu kwa maombi yasiyokoma. Mwaka 1994 Martijn Koster akapendekeza suluhisho la kiungwana. Kila mwenye tovuti aweke faili ndogo iitwayo robots.txt, aandike humo sehemu ambazo roboti zinaombwa zisiingie.

Naomba msomaji azingatie kitenzi “zinaombwa”. Faili ile haina kufuli wala mlinzi. Ni kama kile kibao cha “Mbwa Kali” kwenye malango yetu ambacho kimetuumiza vichwa walimu wa upatanisho wa kisarufi. Mwenye adabu hukisoma akabisha hodi, naye mwizi hukisoma akaruka ukuta. Ilichukua hadi mwaka 2022 kwa mapatano haya kuandikwa kuwa kiwango rasmi cha intaneti, miaka 28 baada ya kubuniwa.

Kwa kuwa si kila mgeni alikuwa mwungwana, wenye tovuti walianza kuwatahini wageni. Luis von Ahn, mzaliwa wa Guatemala, pamoja na mwalimu wake Manuel Blum na wenzao wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ndio waliotuletea mtihani uitwao CAPTCHA, zile herufi zilizopindapinda ambazo sote tumezikodolea macho. Mashine ikawa mtahini na binadamu akawa mtahiniwa anayethibitisha ubinadamu wake. Wakati huo hatukuona kichekesho chake.

Upande wa pili walikuwapo watu waliohitaji kuendesha kivinjari kwa mashine kwa nia njema kabisa. Mwaka 2004 Jason Huggins, mfanyakazi wa kampuni ya ThoughtWorks mjini Chicago, alikuwa na jukumu la kujaribu programu ya ndani ya kujazia saa za kazi na gharama. Kila programu ilipobadilishwa, mtu alilazimika kubofya upya kila kitufe ahakikishe hakijaharibika. Akaandika msimbo wa kumbofyia. Zana hiyo ikaitwa Selenium, na jina lake lilikuwa kijembe. Kampuni kubwa iliyouza zana za aina hiyo iliitwa Mercury, yaani zebaki, na inasemekana madini ya seleniamu hupunguza sumu ya zebaki. Malenga wetu wa majibizano wangelipenda jina hilo.

Baadaye Simon Stewart alibuni WebDriver, iliyokiendesha kivinjari kwa njia ya moja kwa moja zaidi. Miradi hiyo miwili ikaungana, na Juni 2018 shirika la W3C likaidhinisha WebDriver kuwa kiwango rasmi. Ndani ya kiwango hicho mna kipengele kidogo kinachonivutia kuliko vyote. Kivinjari kinachoendeshwa na mashine kinatakiwa kukiri hivyo kwa ukurasa kinaouzuru. Ukurasa ukiuliza, kijibu “kweli”. Walioandika sheria hiyo walijua kwamba siku moja itakuwa muhimu kumtambua mwenye kutenda. Bila shaka wako waliotafuta mbinu za kukifanya kivinjari kidanganye, na bado wapo.

Mwaka 2017 Google ilikipa Chrome uwezo wa kufanya kazi bila kuonyesha dirisha lolote kwenye skrini. Wataalamu hukiita kivinjari kisicho na kichwa, jina linalonikumbusha hadithi za mazimwi tulizosimuliwa jikoni. Mwaka huohuo ikatolewa zana ya kukiendesha iitwayo Puppeteer, yaani mchezesha vikaragosi. Mwaka 2020 Microsoft ikatoa yake, Playwright, yaani mwandishi wa tamthilia. Kwa mwalimu wa fasihi, majina haya yana maana. Katika enzi hiyo nzima kivinjari kilikuwa mwigizaji mtiifu. Kila tendo lilikuwa limeandikwa awali, na kitufe kikihamishwa kutoka kushoto hadi kulia, mchezo ulikwama. Ukiuliza nani alitenda, jibu lilikuwa wazi: aliyeandika mswada.

Mambo yalibadilika mwigizaji alipopewa ruhusa ya kutunga jukwaani. Desemba 2021 kampuni ya OpenAI ilieleza jaribio lililoitwa WebGPT, ambamo modeli ya lugha ilipewa kivinjari cha maandishi matupu ikajifunza kutafuta, kufuata viungo na kunukuu. Oktoba 2024 Anthropic ilitoa modeli iliyoweza kutazama picha ya skrini na kuamua kishale kiende wapi. Mwezi uliofuata kampuni hiyo ikatangaza itifaki ya wazi ya kuunganisha modeli na zana za nje, inayojulikana kwa kifupi MCP. Januari 2025 OpenAI ikatoa Operator, na katika mwaka huohuo Microsoft ikaunganisha Playwright na itifaki ile ya MCP, hata modeli yoyote inayoijua ikaweza kukabidhiwa kivinjari.

Muungano huu hufanyaje kazi? Nilidhani mashine ina mkono wa siri ndani ya tarakilishi. Haina. Modeli ya lugha ina maneno tu. Hupewa orodha ya vitendo inavyoruhusiwa kuomba, kama vile kufungua ukurasa, kubofya, kuandika na kusoma kilichopo. Huandika ombi, programu ya kati hulitekeleza kwenye kivinjari, kisha humrudishia maelezo ya hali ilivyo. Modeli husoma, huandika ombi jingine, na mzunguko huendelea hadi kazi iishe. Kwa hivyo, kila kilichotendeka siku ile ofisini kwangu kilianza kama sentensi.

Nayo mashine huusomaje ukurasa? Hapa pana jambo ambalo watu wengi hawalijui. Baadhi ya zana hizi hazitazami picha. Zinasoma muhtasari wa ukurasa uliotayarishwa kwa ajili ya watu wasioona: hiki ni kitufe, jina lake “Wasilisha”, hiki ni kisanduku cha jina. Mpango wa W3C wa kuwafikia watu wenye ulemavu ulianzishwa mwaka 1997, na kwa miaka mingi wanaharakati wamewasihi waundaji wa tovuti waviandikie vitufe vyao majina. Ninaye mwenzangu asiyeona anayetumia programu ya kumsomea skrini. Hunieleza jinsi anavyofungua kurasa fulani akasomewa tu “kitufe, kitufe, kitufe”, kama mtu anayepita mtaa usio na vibao. Leo wenye tovuti wanaanza kuviandikia vitufe majina ili mashine zivione. Nilipomwambia habari hizo alicheka, akasema, “Basi tutashukuru. Lakini sisi tulitangulia kupanga foleni.”

Sasa tufike penye hatari. Ikiwa modeli ina maneno tu, basi maelekezo yangu ni maneno, na ukurasa inaousoma pia ni maneno. Yote huingia kwa mlango mmoja. Itakuwaje ukurasa wenyewe ukiwa na sentensi ya kuamuru? Septemba 2022 Simon Willison aliipa jina hila hii ya kupenyeza amri ndani ya matini. Agosti 2025 watafiti wa kampuni ya Brave walionyesha jinsi maneno yaliyofichwa ndani ya ukurasa yangeweza kukiamuru Comet, kivinjari cha kampuni ya Perplexity chenye msaidizi wa akilimnemba, kiende kwenye barua pepe ya mtumiaji na kuchukua nambari ya siri iliyotumwa humo. Mtumiaji aliomba muhtasari wa ukurasa tu. Watengenezaji wa vyombo hivi wenyewe wamekiri kwamba tatizo hili halijatatuliwa kikamilifu.

Wataalamu wa usalama huliita tatizo la kiufundi. Nami nasema ni tatizo la pragmatiki. Mwanafalsafa J.L. Austin, katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1955, alitufundisha kwamba kusema ni kutenda, na kwamba tendo la usemi hufaulu tu masharti yake yakitimia. Amri haikamiliki kwa umbo la kitenzi pekee. Sharti atamkaye awe na mamlaka juu ya anayeambiwa. Mtume mtoto dukani akanunue unga. Njiani atakutana na utingo anayemwita “Panda hapa, beba beba!” Ataona bango linalosema “Kunywa soda.” Hizo zote ni amri kwa sarufi, na mtoto mwenye akili timamu hazifuati, kwa sababu anajua aliyemtuma ni nani. Akilimnemba, pamoja na ufasaha wake wote, bado inaweza kupanda matatu ya utingo. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Hii ya kuundwa imepewa ulimi kabla ya kujua vyema kumtambua anayestahili kuitikiwa.

Ndiyo maana ni busara kujua unachokikabidhi. Kivinjari unachokitumia kila siku hakiko mikono mitupu. Kimebeba vidakuzi, yaani vile vitambulisho vidogo vinavyoziambia tovuti kwamba umekwisha kuingia kwa nywila yako. Anayekiendesha kivinjari hicho ni wewe machoni pa benki yako, pa mwajiri wako na pa mfumo wa alama. Wezi walilijua hili mapema. Chrome ina lango ambalo programu nyingine zinaweza kulitumia kukiendesha, na wezi walilitumia kunyakua vidakuzi. Mapema mwaka 2025 Google ilitangaza kwamba kuanzia toleo la 136 lango hilo halitafunguliwa tena kwa hifadhi ya kawaida ya mtumiaji, bali kwa hifadhi iliyotengwa. Yaani, ukitaka kumwazima mtu gari, usimwazime lenye pochi yako ndani.

Mwanafunzi wangu wa zamani amenishauri vivyo hivyo. Tumia hifadhi tofauti isiyo na nywila zako. Iamuru programu isimame kabla ya kitufe chochote kisichorudishika nyuma, kama cha kuwasilisha, kulipa au kufuta, na wewe ndiwe ubofye. Nami nimeongeza langu: mtambulishe mtu kwa nambari, usimtambulishe kwa jina. Zaidi ya hayo, mfumo niliokabidhiwa na chuo ulikuwa dhamana yangu, na nywila yake haikuwa mali yangu ya kugawa. Hapo sina utetezi.

Narudi kwa afisa wa mitihani. Kiswahili kina neno “wakala”, ambalo mzizi wake wa Kiarabu ni mmoja na ule wa “wakili”. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, neno hilo limepakwa rangi kwenye kuta za vibanda kote nchini. Kimsingi, uwakala ni kwamba atendalo wakala ndani ya mipaka aliyopewa humfunga aliyemtuma. Lakini wakala wa kibandani ana jina na kitambulisho, na anaweza kuulizwa. Huyu wa kivinjarini hana pa kupelekewa barua. Ukimwondoa katika sentensi, anayebaki ni aliyemtuma.

Sarufi yetu ililijua hili zamani. Mtu husema “nimejenga” ilhali hakushika mwiko wala pima maji, na hakuna anayemwita mwongo. Aidha tunayo kauli ya kutendesha, ambamo anayesababisha tendo hukaa katika nafasi ya kiima, mbele ya kitenzi, peupe. Asomeshaye mtoto huenda hajui hata kusoma, lakini karo inapodaiwa hudaiwa yeye.

Juma lililopita nilimpata yule binti kwenye ujia wa maktaba. Amerudi kusajiliwa kwa shahada ya uzamili. Nilikuwa nimemwomba radhi mapema, ila kwa maneno ya mzunguko, kwamba palitokea hitilafu, kwamba alama zilichanganyika. Safari hii nilimwambia, “Nilibofyesha mimi, na sikukagua. Nisamehe.” Akatabasamu, akanirekebisha kwa heshima, “Prof, neno hilo halimo kamusini.” Nikamjibu kwamba tutaliingiza, na kwamba safari hii nitaliingiza kwa mkono wangu mwenyewe.